Historia ya neno "bado", kutoka pwani hadi Buterere

Mtu akikuuliza "Umekula?" nawe ukajibu "Bado", hujamwambia hapana. Umemwambia kwamba chakula kinatarajiwa, au walau hujakikatia tamaa. Akikuuliza "Kaka yako bado yuko Uvira?" ukasema "Bado yuko", neno ni lilelile, lakini sasa jambo lipo, linaendelea, halijaisha. Basi neno moja limebeba jambo ambalo halijaanza na jambo ambalo halijakoma. Waingereza wana maneno mawili hapo, "yet" na "still", na mfanyakazi wa shirika anayejifunza Kiswahili kwa kamusi huyakuta yote mawili yamepangwa mbele ya "bado", yametenganishwa na mkato tu, kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Na sisi tunaoulizwa maswali kwa Kiswahili na majibu yetu yakaandikwa kwa Kiingereza, tofauti hiyo yaweza kuamua faili litakwenda wapi.

Ninaandika nikiwa Buterere, kaskazini mwa Bujumbura, karibu na uwanja wa ndege. Hapa Kirundi ndicho cha nyumbani kwa wengi. Kiswahili ni cha sokoni, tena ni chetu sisi tuliovuka mpaka kutoka upande wa Uvira. Kifaransa ni cha karatasi. Kiingereza kinakuja mara moja moja, na kikija ujue kuna mtu anahojiwa kwa ajili ya kupelekwa nchi ya tatu. Katika lugha zote hizo, neno ninalolisikia kuliko mengine ni "bado". Mvua ikinyesha, tambarare hii ya Imbo inajaa maji, na asubuhi jirani anamuuliza jirani kama maji yameshuka: bado. Wanaochambua vyuma na plastiki kwenye jalala la jiji wanaulizana kama lori limefika: bado. Watoto wanacheza kwa zamu, mmoja anasukumwa mbele: "Bado wewe!" Hapo maana yake wenzako wote wamemaliza, umebaki wewe tu. Kuna na "bado siku tatu", yaani zimesalia siku tatu, na "bado kidogo", ambayo kila mtu aliyewahi kukaa kwenye foleni ya mgao anajua kwamba ni kipimo kisicho na saa.

Ukiyatazama matumizi haya yote, utaona kuna kitu kimoja ndani yake: kuna mstari mbele, na hatujaufikia. Ukisema "hajafika bado", mstari ni kufika. Ukisema "bado analala", mstari ni kuamka. Ukisema "bado siku tatu", mstari ni siku ya nne. Mswahili haoni maana mbili. Anaona mstari mmoja, na yeye yuko upande huu wake. Mwingereza ndiye anayeulizwa na lugha yake: unazungumzia jambo linaloendelea upande huu, au lile linalosubiriwa upande wa pili?

Neno lenyewe si la Kibantu. Limetoka katika Kiarabu, kwenye shina lenye herufi tatu, ba, ayn na dal, linalohusu kuwa nyuma ya kitu kwa wakati au mbali nacho kwa mahali. Mwarabu akitaka kusema mtu fulani hajafika, anaweza kuimalizia sentensi yake kwa "ba'du", na hiyo "ba'du" ndiyo "bado" yetu. Ayn, ile sauti ya kooni, ilidondoka kama zilivyodondoka ayn nyingi zilipoingia katika vinywa vya pwani, na "u" ya mwisho ikawa "o". Kutoka shina hilohilo tulipata "baada", na kutoka "baada" tukaunda "baadaye". Tulipata pia "baidi", neno la washairi zaidi kuliko la sokoni, lenye maana ya mbali. Kwa hiyo "bado" na "baada" ni ndugu wa tumbo moja, ingawa ukiyasikia leo yanaonekana kupingana: moja linakuambia ungoje, la pili linakuambia yameshapita. (Lakini "baadhi" si ndugu yao, hata kama inafanana nao. Hiyo ina shina lake, lenye "d" nzito ya Kiarabu.)

Watu wa pwani walikuwa na "ba'd" hii pia katika barua. Katika desturi ya Kiarabu, barua huanza kwa Mungu na salamu, halafu mwandishi anaweka "amma ba'd", yaani "ama baada ya hayo", ndipo anasema alilo nalo. Waswahili walioandika barua zao kwa herufi za Kiarabu waliifuata desturi hiyo, na harufu yake imebaki mpaka leo kwa yeyote anayeandika "baada ya salamu". Mwalimu wa madrasa na karani wa bandarini walikuwa na shina hili kwenye kalamu kila siku. Si ajabu likatua pia kwenye ndimi za watu wasiojua kusoma.

Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba pwani hawakuwa na upungufu. Kiswahili kilikuwa na njia zake za kusema yote mawili. Kwa jambo linaloendelea kuna "-ngali": angali hai, tungali tunangoja, mngali vijana. Kwa jambo lisilotimia kuna "-ja-" ndani ya kitenzi: hajafika, hatujala, halijaiva. Ukisema "hajafika" umekwisha kusema yote. "Bado" unayoiweka baadaye ni ya kutilia mkazo tu. Hata hivyo neno geni liliingia, likakaa kando ya haya mawili, na taratibu likaifunika "-ngali" kiasi kwamba leo kijana wa Bujumbura akisikia "angali" anadhani unamsomea shairi. Askofu Edward Steere, aliyefika Zanzibar mwaka 1864 na kuchapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, analo "bado" ndani yake, na maana anayoiweka mbele ni ile ya jambo ambalo halijatimia. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, naye analo katika kamusi yake kubwa iliyotoka London mwaka 1882, alipokuwa tayari amekufa. Katika Kiswahili hicho cha karne ya 19, "-ngali" bado ilikuwa na nguvu zake. (Naona nami nimeandika "bado ilikuwa". Ningeweza kuandika "ingali ina", lakini ndivyo tunavyosema sasa.)

Neno lilifikaje huku ziwani? Kwa miguu na kwa mtumbwi. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji, na Ujiji ndiko Kiswahili kilipoanza kupanda maji kuelekea kaskazini. Msafara ni shule nzuri ya neno "bado": mizigo haijafungwa, mto haujashuka, hongo haijalipwa. Ilibeba pia mambo ya uchungu, kwa sababu pembe za ndovu na watu waliofungwa walipita njia hiyohiyo, na hatuwezi kusifia safari ya Kiswahili tukaliacha hilo nje. Mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi, pamoja na wapiga kasia na wakalimani, kwenda kutazama kama Mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliukuta unaingia. Kusini mwa Bujumbura, pale Mugere, kuna jiwe lenye majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Majina ya wakalimani hayamo kwenye jiwe. Ila mazungumzo yote ya pwani hii yalipita midomoni mwao, na Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja lao.

Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, wakaja na askari waliokuwa wakipewa amri kwa Kiswahili na makarani waliosoma Kiswahili pwani. Wabelgiji waliwaondoa mwaka 1916, lakini Kiswahili hakikuondoka nao. Kilibaki kwa wafanyabiashara, kwa Waislamu, kwa mafundi na madereva, kikapata makao yake Buyenzi, mtaa ambao mpaka leo ukisema "Uswahilini" Bujumbura watu wanajua unakwenda wapi. Jina Usumbura lilibadilika kuwa Bujumbura nchi ilipopata uhuru mwaka 1962. Buterere yenyewe ilikuwa mashamba na majimaji pembeni mwa mji. Mji ulipojaa ukaisogelea, ukailetea jalala, mabwawa ya kusafisha maji taka, na watu wasioweza kulipa kodi ya nyumba za katikati. Kiswahili kilikuja Buterere pamoja na watu hao, na kinaendelea kuja, kila Kongo inapowaka.

Kirundi kilichukua kwa Kiswahili kile kilichohitaji. Kilichukua majina ya vitu, isabuni, ameza, idirisha. "Bado" hakikuihitaji. Murundi anapotaka kusema mtu hajaja anasema "ntaraza", na hilo "bado" limo ndani ya kitenzi, kama "-ja-" yetu. Anapotaka kusema mtu angali mtoto anasema "aracari umwana". Ndani ya "aracari" mna kitenzi chao cha kuwa, "-ri", kama vile ndani ya "angali" mna "-li" ya kwetu. Ina maana Kirundi kimeyatenganisha mambo mawili, sawasawa na Kiswahili cha zamani. Mrundi anapohamia kwenye Kiswahili cha sokoni ndipo yanapomchanganyikia. Wakongo wenzangu wanaojua Lingala wana "naino" kwa linaloendelea na "naino te" kwa lisilotimia. Wanaongeza tu neno la kukanusha, basi. Kifaransa nacho kina "encore" na "pas encore", kwa mtindo uleule. Ndiyo maana watu waliosoma shule za Burundi na za Kongo hawasumbuliwi na "bado". Kwao ni "encore", na kukanusha kukiwepo kutasikika.

Taabu inaanza kwenye Kiingereza, na hapo si kosa la Kiswahili peke yake. "Still" mwanzoni ilikuwa na maana ya kutulia, kutotikisika. Ndiyo maana mpaka leo Waingereza huita maji yaliyotulia kwa neno hilo. Kitu kisichotikisika kinabaki pale pale. Kinachobaki pale pale kipo siku zote, na zamani za Shakespeare neno hilo lilitumika sana kwa maana ya "siku zote, daima". Baadaye likapungua likawa "mpaka sasa". "Yet" ni neno la kale pia, na kwa karne nyingi lilifanya kazi zote mbili, kama "bado" yetu: Mwingereza wa zamani aliweza kusema mtu fulani yuko hai "yet", yaani angali hai. Polepole "still" likanyakua upande wa linaloendelea, "yet" likasukumwa upande wa maswali na kukanusha. Kwa maneno mengine Kiingereza kilikuwa na "bado" yake, kikaigawa vipande viwili. Kiswahili kilikuwa na vipande viwili, kikaviunganisha. Mkalimani anasimama katikati ya safari hizi mbili zilizopishana njiani, na amepewa sekunde tatu.

Sasa tuangalie mezani. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unamtambua mkimbizi kwa hofu aliyo nayo, hofu yenye msingi. Mkataba huohuo unasema ulinzi unaweza kukoma kama hali zilizomkimbiza mtu zimekwisha. Kwa hiyo sheria nzima, ukiivua koti la kisheria, inauliza swali moja: bado? Na swali hili liliwahi kuulizwa watu kwa maelfu. Katika kambi ya Mtabila, mkoani Kigoma, Warundi walihojiwa mmoja mmoja kuona nani aendelee kulindwa. Wachache walikubaliwa. Waliobaki waliambiwa hadhi yao ya ukimbizi imekoma kuanzia tarehe 1 Agosti 2012, na kabla mwaka haujaisha zaidi ya 30,000 walikuwa wamerudishwa Burundi na kambi imefungwa.

Mimi sikuwa Mtabila na sisemi kwamba mtu fulani alirudishwa kwa sababu ya neno. Ninachosema ni hiki: jiweke kwenye kiti kile. Mhoji anauliza kwa Kiingereza kama mpaka sasa unaogopa kurudi. Mkalimani anasema, "Bado unaogopa?" Unajibu, "Bado." Umesema nini? Umemrudishia neno lake, yaani naam, bado naogopa. Lakini aliyezoea kwamba "bado" ikisimama peke yake ni kukanusha atasikia "sijaogopa". Ligeuze swali sasa: "Hofu imekwisha?" "Bado." Hapa hakuna utata, hofu ipo. Majibu ni neno lilelile moja, na katika karatasi ya Kiingereza la kwanza linaweza kuandikwa ndiyo au hapana kutegemea sikio la mkalimani siku hiyo, kama amelala vizuri, kama ni mtu wa Mombasa au wa Bukavu.

Halafu kuna adabu, ambayo kamusi haiandiki. Kwetu mwanamke asiye na mtoto akiulizwa kama ana watoto hasemi "hapana", anasema "bado". Mzee wa miaka hamsini asiyeoa atasema "bado". "Hapana" inafunga mlango mbele ya Mungu na mbele ya aliyeuliza. "Bado" inauacha wazi kidogo, hata kama wote wawili mnajua hakuna atakayepita. Kwa hiyo tangu Septemba 2017, Warundi walioko Tanzania walipoanza kuandikishwa kurudi kwa hiari, mtu akiulizwa "Unataka kurudi nyumbani?" na kujibu "Bado", huenda anasema atarudi mwakani. Huenda anasema hataki kabisa, ila aliyeuliza ni mkubwa, ana kalamu, na si vizuri kumtupia mtu wa namna hiyo "sitaki" usoni. Likiandikwa "not yet", linakuwa ahadi, kwamba huyu ana nia, ni suala la muda tu. Likiandikwa "no", linakuwa msimamo ambao yeye mwenyewe hakuutamka. Nimewasikia vijana wakisema wazee wetu wawe wanajibu wazi. Sikubaliani nao sana. Mzee amejibu wazi kwa lugha yake. Anayeandika ndiye anayepaswa kuuliza mara ya pili.

Wakati mwingine ofisi ndizo zinazokaa ndani ya "bado". Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 na kuwekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walitangaziwa mwaka 2010 kwamba wapatao 162,000 wamepewa uraia. Vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014. Kwa miaka hiyo minne, ukimuuliza mtu wa Mishamo "Wewe ni mkimbizi?" angeweza kusema bado, kwa maana angali mkimbizi. "Wewe ni raia?" Bado, kwa maana hajawa. Neno lilikuwa sahihi pande zote mbili za swali, na hakuna neno moja la Kiingereza ambalo lingeweza kufanya hivyo.

Kwa wenzetu wanaokalimani, Bujumbura au makambini, njia iliyonisaidia ni kuyarudisha maneno ya zamani kazini. Mhoji akiuliza jambo linaloendelea, tumia "-ngali" hata kama linasikika la kizee: "Ungali unaogopa kurudi?" Au sema "mpaka leo": "Mpaka leo unaogopa?" Akiuliza jambo lisilotimia, liache kwenye kitenzi: "Hujapata barua?" Usiiweke "bado" ndani ya swali, kwa sababu mtu ataiokota na kukurudishia. Mtu akijibu "bado" peke yake, usitafsiri papo hapo. Mwambie mhoji kwamba jibu lina maana zaidi ya moja na unaomba kuuliza tena, halafu uliza kwa namna ambayo "bado" haiwezi kuwa jibu: "Unaogopa nini?", "Ungependa kurudi mwezi gani, au hungependa?" Na fomu ikiwa na visanduku viwili tu, cha ndiyo na cha hapana, mwombe aandike "bado" pembeni kwa Kiswahili, kama lilivyotamkwa. Mhoji mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini nasumbuka na neno la herufi nne. Nilimwomba anitafsirie "Bado wewe".